Waliopata Hasi Nne

Mmeniomba niandike nilivyofanya kazi, ninyi vijana wanne mliobaki na ubao wangu wa barazani Mpendae. Mnataka kujua naanzia wapi mtoto anapokuja na daftari lililojaa wino mwekundu. Nitaandika, lakini msitarajie niwashukuru watu mmoja mmoja kama ifanywavyo kwenye sherehe za kuagana. Nimetoka kazini nikiwa na hasira, na hasira hiyo naihesabu kuwa ni sehemu ya kazi.

Habari za vyeo hamtazipata humu kwa sababu hazipo. Niliingia skuli nikiwa mhudumu, nikatoka nikiwa mhudumu. Nilifagia, nilipiga kengele, nilipika chai ya walimu, nilizungusha mashine ya kurudufu mitihani mpaka ilipoletwa ile inayojizungusha yenyewe. Kazi ya pili, ya kufundisha aljebra baada ya sala ya Alasiri, haikuandikwa kwenye faili lolote, na ndiyo iliyonichosha zaidi.

Nilikuwa kidato cha pili, umri miaka kumi na sita, mama alipofariki. Baba alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla yake. Nyuma yangu walikuwa wanne, na wa mwisho alikuwa bado ananyonya kidole. Baada ya hitima jamaa walikaa wakatugawa: mmoja Chukwani kwa shangazi, wawili Kidichi kwa ami, mdogo kwa jirani asiye na mtoto, na mimi nitafutiwe mume. Nikasema hatugawiki. Ami yangu akaniuliza tutakula nini. Nikamwambia ntafanya kazi. Akacheka, lakini hakutugawa.

Mwezi haukupita nikarudi skuli ile ile, safari hii na fagio. Ilikuwa ndani ya jumba la zamani la Mji Mkongwe, ghorofa tatu, ngazi zake nyembamba na zenye kusimama, na chini ya ua kuna birika la maji ambalo wakati huo lilikuwa bado likitumika. Siku ya kwanza niliyopewa kulifagia darasa nililokuwa nikisoma, wenzangu walikuwa mapumzikoni. Kiti changu kilikuwa kimeshakaliwa na mwengine, mkoba wake umening'inia pale ulipokuwa ukining'inia wangu. Ubaoni kulikuwa na mlinganyo umefika katikati. Mwalimu alipigiwa kengele hajaumaliza. Nilikuwa nimeambiwa nifute, na nilifuta, lakini kwanza niliusoma. Tangu siku ile sijapata kufuta ubao bila ya kuusoma, na mtu aliyepita akaniona nimesimama na kifutio mkononi alidhani nimechoka.

Mwalimu wa hesabu alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Hurumzi, tukimwita Mwalimu Jayanti. Alikunywa chai bila ya sukari na hakuwahi kuniita kwa mluzi kama walivyofanya wengine. Siku moja alinikuta nimekaa kwenye ngazi na kipande cha karatasi.

"Unaandika nini weye?"

"Nanakili za ubaoni, Mwalimu."

"Kunakili kazi ya mashine, na mashine tunayo," akasema. "Simama hapa mlangoni. Hapa ni sifuri. Panda ngazi tatu. Sasa shuka tano. Uko wapi?"

"Chini, Mwalimu, njia ya birikani."

"Chini kwa ngapi?"

"Mbili."

"Basi hiyo ndiyo hasi mbili. Kuna watu huko juu wiki ya pili wanalia nayo."

Hivyo ndivyo nilivyofunzwa namba hasi, kwa miguu, na ndoo ya maji ya kudekia ikiningoja. Nasema hivi kwa sababu mnapenda kuwaambia watoto kuwa hasi ni "kinyume cha chanya" kisha mnaendelea mbele. Kinyume gani? Mtoto anataka kujua amesimama wapi. Mtafutieni ngazi.

Mwalimu Jayanti aliendelea kunipa mazoezi karibu kila siku, robo saa wakati wa chai. Kitu alichokichukia kuliko vyote ni neno "hamisha". Mnalijua, maana hata ninyi mlikuja kwangu nalo: hamisha tatu upande wa pili, badilisha alama. Alikuwa akigonga meza. "Tatu ina miguu? Nani kaihamisha?" Alitaka uandike, kila mara, unachofanya upande huu na upande ule: toa tatu huku, toa tatu kule, mizani isilale. Ilikuwa kazi ndefu. Karatasi ikijaa alinipa nyengine. Nilipomuuliza mbona walimu wote wanasema hamisha, alijibu kuwa ni rahisi kumfundisha mtu wimbo kuliko kumfundisha kitu.

Sasa nieleze kosa langu kubwa, kwa sababu ndilo lililonifanya niwe mwalimu kama nilivyokuwa. Alinipa hesabu ya umri, zile mnazozijua: baba ana miaka thelathini na sita, mwanawe ana minane, baada ya miaka mingapi umri wa baba utakuwa mara mbili ya umri wa mwana? Nikafanya, nikampelekea na sinia la vikombe. Nilikuwa nimeandika thelathini na sita ni sawa na mbili mara mabano nane kuongeza x. Jawabu langu lilikuwa miaka kumi. Akaliangalia muda mrefu.

"Mwana umemwongezea miaka. Baba umemwacha wapi?"

"Baba haongezeki, Mwalimu."

Nilisema bila ya kufikiri. Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Sisi watano tulikuwa tukikua kila mwaka, na baba alikuwa palepale. Mwalimu Jayanti akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Aliyemo humu yu hai," akasema taratibu. "Mwongezee."

Nikamwongezea. Jawabu ni ishirini, mnaweza kuhakikisha. Lakini hakuweka mkato mwekundu kwenye ile ya kwanza. Alisema jawabu la kumi lilikuwa sahihi kwa swali nililoliona mimi, ila silo lililoulizwa. Nimeona walimu wenye shahada zao wakiwakata watoto mikato ya wino kana kwamba wanachinja, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: mwanangu, ulikuwa unaona nini? Hilo haliwachukui dakika mbili. Hawana dakika mbili, lakini wanazo za kubishana mpira mpaka kengele ya pili.

Baraza yangu ilianza na mdogo wangu Haji, anayenifuatia. Alipofika kidato cha kwanza alirudi nyumbani na daftari akasema hesabu si ya watu wa nyumba kama yetu. Nani kakwambia? Mwalimu. Niliweka sufuria chini, nikachukua mkaa nikaandika kwenye ukuta wa uwani. Baada ya wiki mbili ukuta wote ulikuwa mweusi na Haji anafungua mabano. Jirani akamleta wake. Kisha mwengine akaleta wawili. Ukuta haukutosha, nikatafuta mlango mbovu, tukaupaka unga wa betri kuukuu zilizopondwa, ukawa ubao. Ndio huo huo mnaoutumia, mara ya saba sasa kupakwa. Kifutio ni kanga yangu iliyochakaa, kwa sababu vifutio vya dukani vinakwaruza rangi.

Wapo waliodharau. Baba mmoja alimleta binti yake kwa miezi mitatu, mtoto akaanza kupata, halafu akamtoa alipojua kuwa Bi anayefundisha ndiye anayefagia skuli. Alikuja kuniambia mwenyewe, kwa adabu kubwa, kuwa anatafuta mtu mwenye cheti. Nikamuuliza kama amemwona huyo mwenye cheti. Akasema bado, lakini kwa sasa mtoto atapumzika. Binti yule alipumzika mpaka akaolewa. Miaka mingi imepita na nikikutana na yule baba tunaamkiana vizuri, na kila mara nikishaitika nataka kumuuliza kama cheti kilipatikana.

Mambo ambayo watoto hukosea hayakubadilika katika miaka yote hiyo. Vitabu vilibadilika rangi, mitaala ikaja na kuondoka, kosa likabaki lile lile. Saba, toa mbili mara mabano x toa tatu, ni sawa na tano. Tisa kati ya kumi wataandika saba toa mbili x toa sita. Alama ya kutoa iliyo nje ya mabano wanampa wa kwanza tu, wa pili wanamnyima. Mimi huwa nauliza: ukiambiwa urudishe kikapu, unarudisha kikapu unabaki na embe? Kinarudi na vilivyomo. Halafu nawaacha wafike kwenye x ni nne wenyewe. Kosa jengine ni kugawa pande zote kwa x kwa kuwa x imewachosha, bila ya kujiuliza kama x ni sifuri. Kosa jengine ni x mraba sawa na tisa, ambapo wanaleta tatu moja na kumwacha ndugu yake hasi tatu mlangoni.

Lakini kanuni yangu moja, na hii ndiyo naomba msiiache, ni kurudisha. Hakuna mtoto aliyeondoka barazani kwangu kabla ya kulirudisha jawabu kwenye swali na kuona kama linakubali. Haijalishi adhana imeshaadhiniwa, haijalishi mama yake anaita. Rudisha. Mtu anayejua kurudisha hahitaji mimi, wala mwalimu, wala kitabu kimwambie kama kapata. Anajua mwenyewe. Na nadhani hiyo ndiyo sababu haipendwi.

Ndipo nafika kwenye mwaka wangu wa mwisho, na jambo ambalo mnalijua nusunusu.

Rukia mnamkumbuka, mtoto wa Bi Mkasi muuza vitumbua. Hakuwa mwepesi. Alinijia hajui kuongeza sehemu mbili, akakaa miaka mitatu. Alichokuwa nacho ni ukaidi wa kurudisha, angeweza kurudisha mara tatu jawabu ambalo mimi nishalikubali. Alikuwa anataka fizikia. Skuli yetu kidato cha pili hufanya mtihani wa ndani, na wanaopata hamsini na zaidi katika hesabu ndio wanaoingizwa darasa la sayansi. Walio chini ya hapo wanakwenda kwengine na hakuna wa kuwauliza walikuwa wanataka nini.

Rukia alipata arubaini na nane. Alikuja barazani na karatasi yake, hakuwa analia. Akaniamkia, nikaitika, akaweka kidole kwenye swali la saba.

"Bi, nimekosea wapi hapa? Nsharudisha mara tatu."

Swali lilikuwa hili: baba ana miaka arubaini na nne, mwanawe ana kumi na minne. Ni baada ya miaka mingapi umri wa baba utakuwa mara nne ya umri wa mwana? Rukia alikuwa ameandika kila hatua. Arubaini na nne kuongeza x ni sawa na nne mara mabano kumi na nne kuongeza x. Akafungua mabano. Akatoa x pande zote, akatoa hamsini na sita pande zote. Hasi kumi na mbili ni sawa na tatu x. X ni hasi nne. Na chini yake akaandika: yaani miaka minne iliyopita. Juu ya yote hayo ulipita mkato, na pembeni ameandikiwa "4", na alama sifuri.

Mnaweza kurudisha nami. Miaka minne iliyopita baba alikuwa na arubaini, mwana kumi. Mara nne. Miaka minne ijayo baba atakuwa na arubaini na nane, mwana kumi na minane. Mara nne ya kumi na minane ni sabini na mbili. Baba huyo wa sabini na mbili katoka wapi?

Swali lenyewe nililitambua. Nimelirudufu kwa mkono wangu kabla baadhi ya walimu wa sasa hawajazaliwa. Zamani baba alikuwa na thelathini na sita na mwana sita, na jawabu ni nne kweli. Mwalimu wa sasa, Mwalimu Fadhili, kijana msafi mwenye shahada na mwandiko mzuri, hakutaka watoto walete jawabu la kukariri. Akawaongezea wote wawili miaka minane. Wazo zuri. Nadhani alilikokotoa, akapata hasi nne, akatazama mwongozo wa zamani wa kusahihishia umeandikwa nne, na akaona ile alama ya kutoa ni uchafu tu. Alama nne za mtihani zikaenda kwa waliokosea.

Asubuhi yake nilipeleka chai chumba cha walimu kama kawaida. Nilisubiri anywe kwanza. Nikamwambia kwa sauti ya chini kuwa swali la saba lina tatizo.

"Bi, umri hauwi hasi," akasema, bila ya kuinua uso.

"Umri hauwi. Miaka ya kungojea ndiyo hasi. Jambo limeshapita."

"Mwongozo umepitishwa na idara."

"Rudisha nne yako, Mwalimu. Arubaini na nane na kumi na nane. Inakubali?"

"Bi," akasema, "chai imepoa."

Walimu wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha watu wanaojuana, lakini nilikuwa nimewapikia watu hawa chai miaka na miaka na hakuna mmoja aliyechukua kalamu ajaribu. Wa hesabu walikuwamo watatu. Ilikuwa hesabu ya mstari mmoja. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo: hawakukataa kwa kuwa waliona nimekosea, walikataa kabla ya kuangalia.

Nikaenda kwa Mwalimu Mkuu. Aliniketisha, akaniuliza habari za magoti yangu, kisha akasema amesikia kuna mtoto wa kwangu amekosa alama mbili, na kwa kuwa ninakaribia kustaafu na nimeitumikia skuli vizuri, ataongezewa. Alikuwa ameshafungua droo atafute kalamu.

Nikamwambia sitaki aongezewe. Akadhani hakusikia. Nikamwambia mtoto hana haja ya sadaka, alama zile ni zake, na si yeye peke yake. Siku ile wakati wa mapumziko nilikuwa nimezunguka madarasa matatu ya kidato cha pili nikiomba kuona karatasi. Wenye hasi nne walikuwa tisa. Niliziweka karatasi tisa mezani kwake. Wawili kati yao hawajapata kufika kwangu hata siku moja, wamefikiri kwa vichwa vyao.

"Bi, unataka nimdhalilishe mwalimu mwenye shahada mbele ya watoto, kwa neno la..."

"La mfagiaji," nikammalizia. "Sitaki umdhalilishe mtu. Nataka jawabu lirudishwe."

Akageuza bahasha iliyokuwa mezani, akaandika nyuma yake. Arubaini na nane. Kumi na nane. Nne mara kumi na nane. Nilimwangalia mkono. Ulisimama. Akaandika tena kwa arubaini na kumi, akaweka kalamu chini, akasema watalishughulikia kiofisi. Nikamwacha na karatasi zile, nikaenda kupiga kengele, nilikuwa nimeshachelewa dakika nne.

Wiki iliyofuata orodha mpya ilibandikwa juu ya ile ya zamani. Chini yake kulikuwa na maneno: marekebisho madogo ya kiofisi. Hakuna aliyeambiwa lolote. Karatasi zilirudishwa zikiwa na ule ule mkato mwekundu, ila jumla ya juu imebadilishwa. Rukia akawa na hamsini na mbili. Wengine wawili nao waliingia darasa la sayansi. Nilimkuta kwenye ngazi, nikampa hongera. Hakuipokea.

"Wamenitia, Bi. Lakini Mwalimu hajasema kama nlikuwa sahihi. Darasani wanasema umekwenda kunipigia magoti."

Nilitaka kumwambia asiwasikilize. Nikaona huo ni uongo. Mtoto alikuwa amefanya kila kitu nilichomfundisha: ameweka mizani, amefungua mabano, ameongeza umri wa aliye hai, amerudisha. Na malipo yake ni kuonekana ameombewa. Kumpa alama bila ya kumwambia kuwa alipata ni kumnyang'anya kwa mkono wa pili. Kilichobaki ni nani aliseme hilo mbele ya wale waliomcheka.

Siku zangu zilikuwa zimekwisha. Sherehe ya kuniaga ilifanywa mstarini, pamoja na utoaji wa zawadi za wanafunzi, ili kuokoa wakati. Nilipewa feni. Naishukuru, ina kasi tatu na zote ni sawa. Mwalimu Mkuu alisifu chai yangu na uaminifu wangu katika kupiga kengele, kisha akaniomba niseme maneno mawili. Nikaomba niletewe ubao.

Alitabasamu akidhani ni mzaha. Nilikuwa nimeshauweka tayari nyuma ya mlango tangu alfajiri, na wasichana wawili wakauleta. Nikaandika swali la saba. Skuli nzima ilikuwa ikinitazama, nadhani kwa mshangao kuwa Bi wa kengele ana mwandiko. Nikaenda hatua kwa hatua, pande zote mbili kila mara, bila ya kuhamisha kitu, mpaka nikafika hasi kumi na mbili ni sawa na tatu x. Hapo nikasita.

"Waliopata hasi nne kwenye mtihani wasimame."

Hawakusimama. Walitazamana. Rukia akasimama wa kwanza, mikono kaiweka nyuma. Akasimama mvulana wa darasa la jirani, kisha wengine, nikawahesabu mpaka tisa. Nikasema kwa sauti ya kufika ukutani: hawa hawakuombewa na mtu, hawa walikuwa sahihi tangu siku ya mtihani. Mwalimu Fadhili alikuwa anatazama viatu vyake. Mwalimu Mkuu alikuwa anatazama saa. Akaanza kusema ahsante sana, Bi, muda haututoshi, na hapo nikamwona wa kumi.

Alikuwa Asma, msichana aliyekuwa ameitwa mbele robo saa kabla ya hapo kuchukua zawadi ya kwanza ya hesabu ya kidato cha pili. Sijapata kumfundisha. Alisimama na zawadi yake kwapani, bado ina karatasi yake ya kung'aa.

"Weye ulipata nne," nikamwambia. "Ulipewa alama zote."

"Niliipata hasi nne, Bi. Nikafuta kutoa."

"Kwa nini ukafuta?"

"Nlijua Mwalimu hataki. Hajapata kutupa jawabu lenye kutoa."

"Na kurudisha, ulirudisha?"

"Nlirudisha." Sauti ilikuwa ndogo, lakini ua ule unabeba sauti. "Ilikubali ile niliyoifuta."

Mwalimu Mkuu akamwambia aketi. Nikasema asiketi. Niliwageukia walimu, nao nimewahudumia kwa heshima miaka yote ile, nikawaambia kuwa tisa hawa walinyimwa haki yao na ikarudi, ingawa kwa mlango wa nyuma. Lakini huyu wa kumi walimfundisha kuficha anachokijua, wakampa zawadi kwa hilo, na hapana orodha ya kubandika juu yake.

Kisha nikamnyooshea Asma chaki. Alikuja polepole katikati ya mistari. Akanipa zawadi yake nimshikie, akaandika x ni sawa na, akaandika nne. Akasimama. Nilimwona akimtafuta kwa macho Mwalimu Fadhili, na Mwalimu Fadhili, nimpe haki yake, safari hii aliinua uso, akaitikia kwa kichwa.

Asma akachora kistari mbele ya ile nne. Kilikuwa chembamba. Akakirudia mara ya pili, kwa nguvu, mpaka chaki ikakatika.